Posa Yangu Inamsubiri Kocha wa Taifa

Mpendwa Mama Fides, naomba msaada wako upesi, maana mwenzio nimekwama hapa Tunduma na aliyenikwamisha ni timu ya taifa.

Mimi ni binti pekee wa mzee Severini, wakala wa forodha, mama alifariki nikiwa darasa la sita na tangu hapo tumebaki wawili, mimi na baba na televisheni yetu, mpira wote tunaangalia pamoja na mimi ndiye ninayemwambia nani kaotea kwa sababu macho yake siku hizi si mazuri, sasa nimepata mchumba, Luka, kijana wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, Mnamwanga kama sisi, anauza vipuri vya malori, mpole, kanisani haachi, akatuma wazee wake waje kuposa, lakini Mama Fides hebu fikiria siku waliyokuja, ilikuwa kesho yake baada ya Stars kutolewa kwenye mashindano na kocha kufukuzwa, baba hajalala, hajala, na jezi bado ipo mwilini.

Wazee wakaingia, wakatoa pesa ya hodi, mshenga wao mzee Amoni akasafisha koo aeleze kilichowaleta, baba akamkatisha, "Kabla ya yote, ungekuwa wewe, timu ile ungempa nani?" Mimi nipo jikoni na shangazi Tabita tunapakua wali, tukaangaliana. Mzee Amoni maskini alidhani ni maongezi tu ya kukaribishana, akajibu kwa heshima zao za kule Zambia, ambako baba wa mtu huitwa batata, "Batata, tafuteni mgeni, mzawa mtamzoea." Weee! Baba akasimama, akasema mgeni hamtaki, mgeni anakuja na begi moja, anachukua kilicho chetu kizuri, anaondoka zake, sisi tunabaki tunaangalia kuta, baba mdogo Jastin naye akadakia kwamba wazawa tumeshajaribu wangapi na wametufikisha wapi, basi wakagawanyika, hadi wazee wa Nakonde wenyewe wakagawanyika, kuku akaliwa, soda zikaisha, kikosi kikapangwa mezani kwa vizibo, mahari haikutajwa hata kwa bahati mbaya, na wakati wa kuagana baba akasema, "Rudini shirikisho likishatangaza kocha. Sasa hivi kichwa changu hakina nafasi."

Nikadhani anatania. Mama Fides, hatanii! Wazee wamerudi tena, akawauliza mlangoni, "Ametangazwa?" wakasema bado, wakapewa chai wakarudi kwao. Kila jina likitajwa redioni baba analikataa, huyu anapenda sifa, huyu hasikilizi wakubwa, huyu atatukimbia, na madereva wa malori wanaotoka Kongo anawauliza habari za makocha wa kwao kabla hajawauliza nyaraka za mzigo, wenzake mpakani wameanza kumwita Mheshimiwa Rais wa Shirikisho na yeye anaitika, na Luka badala ya kunisaidia ananiambia tuwe wavumilivu, siku hizi anasikiliza taarifa za michezo kuliko anavyonisikiliza mimi.

Sasa kinachonitoa jasho ni kwamba mimi ni mjamzito, Luka anajua, baba hajui, shangazi nahisi ameshaanza kunitazama kiuno, na kanisani kwetu bibi arusi akionekana ana tumbo hasimami madhabahuni, ndoa inafungwa ofisini kwa mchungaji kimyakimya bila kwaya, wakati ndoto ya baba tangu nikiwa mdogo ni kunishika mkono anipeleke mbele ya watu. Kocha hatangazwi, tumbo linajitangaza lenyewe. Nimewaza nivuke tu niende kwa Luka, si mbali, ni kwa miguu, baba atapata habari nikiwa nimeshafika. Nivuke? Au niendelee kuliombea shirikisho lipate akili? Nishauri, sina pa kushika.

Aida, Tunduma. (Jina langu nimebadilisha. La baba nimesahau, nakuomba unibadilishie.)

MAMA FIDES ANAJIBU

La baba yako nimelibadilisha, mwanangu, ingawa kwa habari ya madereva kuhojiwa kuhusu makocha sijui nimekuficha au nimekuanika.

Nimecheka, halafu nimekasirika, na nitaanza na hasira. Wewe na Luka mlijua kabisa harusi ya madhabahuni ina masharti yake, mkashindwa kusubiri, sasa mnataka shirikisho ndilo liwaharakishie mambo. Shirikisho lina habari gani na kiuno chako? Na huyo Luka anayehubiri uvumilivu, uvumilivu wa nini wakati mimba si yake kubeba? Azime redio aje tuzungumze. Pole, lakini kwanza hayo lazima yasemwe.

Habari ya kuvuka kimyakimya ifute leo. Isome tena barua yako, pale mgeni anapokuja na begi, anachukua kilicho chetu kizuri, anaondoka zake. Binti, kocha gani huyo? Kocha akifukuzwa anaondoka na mshahara wake basi, hakuna kizuri chetu anachobeba. Baba yako aliyasema maneno hayo akiwa amesimama mbele ya wazee wa Nakonde! Hata kocha akitangazwa kesho, keshokutwa atataka kwanza amjue msaidizi wake, kisha kocha wa makipa, kisha daktari wa timu. Mzee huyu anaogopa siku utakayotoka mlangoni kwake, na kwa mwanaume wa umri wake, mbele ya wakwe, mpira ndiyo njia aliyoipata ya kulisema. Miaka yote mmekaa kiti kimoja, hili hukuliona? Ukitoroka, utakuwa umemfanyia kile kile anachokiogopa, tena kwa mikono yako.

Sasa nisikilize. Kumweleza baba habari ya mimba ni kazi ya shangazi Tabita. Mwendee, mwambie yote. Ameshajua, anangoja tu umheshimu kwa kumwambia, na ndiye dada wa baba yako mwenye mdomo wa kumwingia. Luka awatume wazee wake na faini ya mimba mkononi bila kuombwa, na mzee Amoni akiulizwa lolote la mpira aseme yeye mpira haujui kabisa. Kwa mchungaji nendeni wote wawili mkaseme ukweli, msije mkabana tumbo chini ya shela halafu baba aumbuke mbele ya kwaya. Kama mchungaji atasema ofisini, basi ofisini. Na ofisi ina mlango, baba yako anaweza kukushika mkono hapo pia.

Lakini shangazi asitangulie. Utangulie wewe. Kaa na baba, televisheni ikiwa imezimwa, umwambie, "Baba, naogopa kukuacha peke yako." Usimwambie Nakonde ni karibu, amefanya kazi mpakani maisha yake yote, anajua. Atafoka. Atarudi kwenye habari za kocha. Mwache aseme, wala usinyanyuke. Akinyamaza, mwulize angependa wageni waje siku gani, na siku atakayoitaja ndiyo hiyo hiyo, hata ikiwa mbali, hata gauni likigoma kufunga zipu.