Kibuyu chenye Nyufa

Kiptere,
14 Julai 1996

Mwanangu Chepchirchir,

Pokea salamu nyingi kama majani ya chai wakati wa mvua. Je, u mzima? Unakula vizuri kwenye hiyo baridi ya Uingereza? Sisi Bwana ametushika, ila mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wa mto.

Barua hii naiandika kwa amri. Jumapili baada ya kanisa baba yako mdogo, Hezekiah, alikuja na wazee akasema nikuandikie uache utafiti urudi nyumbani. Nilisema nitaandika, na ndiyo hii.

Wakati huo aliona ile picha uliyotuma, ya mishipa ya damu ndani ya uvimbe. Nimeibandika karibu na kalenda ya kanisa. Akaitazama sana, akasema hiyo ni mizizi ya chai iliyougua, ing'olewe ichomwe, na kwamba mizizi hata yeye anayo, haikuwa lazima upande ndege. Wazee walicheka mpaka maziwa ya mursik yakawamwagikia.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini barua zako nimezisoma mpaka zimechanika. Nikaleta vibuyu viwili, kimoja kizima, kingine chenye nyufa, nikatia unga wa mkaa nikasugua ndani mbele yao, kama tunavyoviandaa kwa maziwa, kazi ambayo hakuna hata mmoja wao amewahi kufanya. Kwa kile kizima mkaa ulibaki ndani. Kwa kile kingine ulipenya nje. Nikawaambia uvimbe hujenga mishipa yake haraka haraka, ikabaki na nyufa, na Chepchirchir anatengeneza chembe ndogo kuliko vumbi, zibebe dawa zipenye hapo tu, mwili mzima usiumie. Mzee Alfayo akasema ugonjwa ni mpango wa Mungu. Nikamjibu kwamba basi na nyufa ni mpango wake, ametuachia mlango.

Sasa keti, mama. Sababu ya kukuita ni mimi. Uvimbe ulikuwa kwangu, titi la kushoto. Walilikata mwezi wa tatu, na jirani yetu Quinter ndiye aliyekaa nami wodini. Nilikuandikia kwamba nimeteguka mkono. Ule ulikuwa uongo. Nimeutubu kwa Mungu, sasa nautubu kwako. Daktari anasema uvimbe umeshafika kwapani.

Hezekiah anataka uje unipikie uji. Uji najua kupika. Uliniambia dawa yako bado iko kwa panya na itachukua miaka. Mimi haitanikuta, hilo najua na sijalia. Lakini kuna mama fulani itamkuta, na huyo simjui, ila kila asubuhi namwombea. Usimwache kwa ajili yangu. Usirudi kabla hujamaliza.

Hezekiah amesema lazima aione barua kabla sijaifunga. Nitampa, na nitamwomba aisome kwa sauti, wazee wakiwepo.

Quinter anakusalimu sana. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Bwana akulindie mikono.

Ni mimi mama yako,
Chelimo