Nguzo Ulizozichoma Kando ya Lumemo

Mpendwa Shangazi,

Hapa ninapoishi watu hujenga kwa saruji, wala hawamwogopi mchwa. Wiki iliyopita jirani aliweka mlango mpya, nikajikuta nimeinama nakwaruza fremu yake kwa ukucha, kama ulivyonifundisha. Alicheka. Sikuwa na mtu wa kumweleza, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka tuliporudi kutoka porini, kwetu kando ya mto Lumemo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, Wadachi walikuwa wamechoma kijiji chetu pamoja na maghala, na baba yangu, kaka yako wa pekee, hakurudi. Tulibaki wawili, wewe na mimi, na kilindo kimoja cha gome chenye mbegu za mpunga. Ulikibeba mgongoni miezi yote ya njaa. Tulikula mizizi, tukala majani, mbegu hukuzigusa. Sasa zilihitaji paa, na paa lilihitaji nguzo. Nyumba ingeanguka katikati ya masika, mbegu zingeoza nasi tusingekuwa na cha kupanda. Na mchwa mwaka ule walikuwa wengi kuliko watu.

Ulichagua miti kwa kuigonga kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Ukaambua gome, ukachonga nyama yote nyeupe mpaka kwenye kiini chekundu, kwa sababu mchwa huanzia palipo laini. Kisha ukawasha moto, ukalaza miguu ya nguzo juu yake mpaka ikawa myeusi kama mkaa.

Hapo maneno yakaanza. Kila mmoja wetu alikuwa ameona nguzo za kwao zikiungua, na watu walisema kusimika mti mweusi ni kuualika moto urudi. Mtani wako, yule jirani wa ng'ambo ya kijito, alisimama mbele yako mikono kiunoni.

"Wewe mwanamke, moto wa Wadachi haukukutosha?"

"Ule ulikuwa wao," ukajibu bila kuinua macho. "Huu ni wangu."

"Nitakuja kuchoma viazi kwenye ukuta wako."

"Njoo navyo, mtani. Tangu vita sijakuona hata na kimoja."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichosikia tangu tutoke porini.

Yeye alisimika nguzo zake bila kuzichoma, nyeupe na nzuri kutazama. Wewe ulijaza majivu kwenye mashimo, ukashindilia. Kila asubuhi ulizunguka nyumba ukibomoa vijia vya udongo ambavyo mchwa walivijenga kupanda ukutani. Mara mbili nilikuona ukivibomoa na kwake pia, alipokuwa shambani. Ulinikataza kusema.

Masika yalipokolea, nyumba yake ilipiga magoti. Hakuna aliyeumia. Alikuja mlangoni kwetu ameloa, hakutania.

"Dada," alisema. Mtani hamwiti mtani wake dada. "Mbegu zimelowa. Zimeanza kunuka."

Hukumkumbusha neno lolote. Ulikishusha kilindo, ukamimina nusu kwenye ungo wake, ukasawazisha kwa kiganja. Kwetu ilibaki nusu.

"Nguzo mpya ukizikata," ulimwambia, "zilete hapa kabla hujazisimika."

Alizileta siku ya tatu, akazichoma mwenyewe mchana kweupe. Kiangazi kilipoingia, moshi ulitoka kila ua, na hakuna aliyeukimbia.

Nimesoma vitabu vingi juu ya vita vile. Vinaeleza maji ya dawa, risasi, na idadi ya waliokufa. Sijaona kinachosema nyumba zilisimamaje tena, wala nani alikuwa wa kwanza kuwasha moto bila hofu. Nikisoma huwa nakutafuta, Shangazi, katika kurasa ambazo hazikukujua.

Mpunga ulipokuwa unachanua, kwetu na kwake, jamaa za marehemu mama walikuja kunichukua. Sikurudi tena. Sikuula mpunga ule, wala sikukushukuru. Nilikuwa mtoto, nilidhani nyumba husimama zenyewe.

Pokea shikamoo yangu iliyochelewa.

Ni mimi,
binti wa kaka yako