Owuor Anamuulizia Nyakundi

Jumapili, 3 Agosti 1975

Chai imechumwa, imefika kituoni mapema. Ukungu bado umelala juu ya jabali la Manga.

Mchana Atieno amemleta baba yake, Owuor, kutoka ziwani. Atakaa kwetu wiki hii ili binti apumzike. Chuo cha ualimu tulisoma pamoja: Owuor, mimi, na Nyakundi wa Keumbu. Tangu tustaafu tunakutana kila Agosti. Nyakundi tulimzika Februari. Owuor mwenyewe alibeba jeneza.

Jioni akaniuliza, "Nyakundi anafika saa ngapi?"

Nikamwambia amekufa. Akalia kama mtu aliyepata habari leo. Kwake ilikuwa leo.

Jumatatu, 4 Agosti

Ameuliza tena tukinywa uji. Nimemwambia tena. Amelia tena, vilevile.

Mke wangu Bosibori amekasirika. "Utamzika Nyakundi kila asubuhi mpaka lini, Zakaria?"



Jumatano, 6 Agosti

Leo nimedanganya. Nimesema Nyakundi yuko njiani.

Owuor akafurahi. Akapiga viatu rangi, akavaa tai, akakaa nje. Nikakaa naye. Mawingu yalikuwa yakipita chini yetu, polepole, na mabati ya nyumba za bondeni yakionekana na kupotea. Alasiri niligundua kwamba na mimi namngoja. Kweli kabisa. Mtu alitokea kwenye ukungu, koti begani, mwendo wa Nyakundi. Nikainuka kumlaki.

Alikuwa jirani.

Mimi, mzee wa kanisa, nimesema uongo, na siku imekuwa nzuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Owuor ametoweka. Kitanda kitupu, viatu havipo.

Ukungu mzito mno. Shamba letu linaishia kwenye jabali, na chini ya jabali hakuna kitu. Niliita hadi sauti ikakauka. Majirani wakashuka na vijia vyote. Bosibori alisimama ukingoni akiomba. Mimi sikuweza kuomba. Nilijua nani aliyemtuma njiani.

Karibu na adhuhuri mtu wa baiskeli akasema kuna mzee mwenye tai sokoni Birongo. Nikaenda mbio, kwa miguu yangu hii. Nimemkuta kati ya akina mama wanaouza ndizi, anawafundisha wimbo wa kwaya ya chuo, na wao wanaimba. Alikuwa anaelekea Keumbu kumpokea Nyakundi. Alipochoka akaketi.

Nikakaa chini palepale, juu ya majani ya migomba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempeleka Keumbu. Sikuona njia nyingine.

Moraa, mjane wa Nyakundi, alitupokea bila maswali. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Owuor akaketi nyasini, akaweka kiganja kwenye udongo. Hakulia. Akaanza kumpa Nyakundi habari: samaki wamepungua, magoti yanauma, Atieno amekuwa mkali kama marehemu mama yake. Akasikiliza. Akacheka.

Jua lilikuwa laini. Majani yalitikisika juu yetu. Kwa muda sikujua mwaka gani, wala sikutaka kujua. Nyakundi angetoka jikoni na sahani nisingeshangaa.

Kisha Owuor akanigeukia, kwa adabu ya mgeni.

"Mzee, unamfahamu Zakaria? Tulisoma naye, pamoja na huyu."

Moraa akanitazama, akainamisha macho.

"Namfahamu," nikasema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

"Mwambie tulikuja hapa. Tumemkosa."

Nikamwambia nitafikisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Kanisani Owuor ameimba vizuri. Kila neno analo.

Jumapili, 10 Agosti

Atieno amekuja kumchukua. Nimemweleza yote, pamoja na jabali. Amelia kidogo, kisha akafunga mzigo wa baba yake.

Owuor ameniaga kwa mikono miwili. Akanishukuru kwa kumkaribisha mtu ambaye simjui. Nikasema karibu tena, nyumba hii ni yako. Wakashuka taratibu, yeye akisalimia kila aliyepita.

Bosibori ameniuliza kama imeniuma. Imeniuma. Akasogeza kiti changu karibu na moto, akanimenyea kiazi cha moto, akanipa. Nimekula chote.