Mama Anayeitikia Kila Jina

Mushauri wetu mpendwa wa redio, nakuja kwako na jambo linaloninyima raha. Shefu wangu, Papa Jean de Dieu, ametangaza leo Jumamosi asubuhi mbele ya wafanyakazi wote wa biro kwamba kufikia Ijumaa hii niwe nimefuta familia zote za Kashuga zilizoandikwa kwa namba moja ya simu, kwa sababu, alisema, "zile haziko familia, ni vizuka vya Faustin."

Ninafanya kazi Masisi katika kampuni inayogawa mbegu na kununua maharagwe, na kazi yangu ni kutunza majina na namba za wakulima wetu kwenye kompyuta, naingiza wapya, nasahihisha waliohama, naondoa waliokufa, na namba ikiwa si ya kweli mimi njo naulizwa, kwa sababu mbegu zikifika tunatuma ujumbe kwa simu, na asiyepata ujumbe hajui siku ya kuja kuzichukua, na mvua haimngojei mtu. Sasa Faustin ni ajenti wetu, yeye njo anazunguka vilimani kuandika watu, na kule Kashuga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, ameleta familia karibu ishirini na zote ziko kwa namba ya mama mmoja anayeitwa Muhawenimana. Lushebere nako kuna kambi, lakini kule kila nyumba ina namba yake ao ya jirani. Ndipo nikaanza kushuku.

Jumatano iliyopita nikapiga ile namba. Karatasi yetu ya kazi inasema usome jina kamili, halafu uulize mtu analala wapi kwa sasa. Nikasema, "Naongea na Brigitte Nyirabagenzi?" Sauti ya mama ikajibu, "Njo mimi." Nikauliza analala wapi, akasema, "Ninalala pale usingizi unanikutia." Kesho yake nikapiga tena, nikaomba Sebarenzi, sauti ni ileile: "Njo mimi." Nikamwambia, "Mama, Sebarenzi iko mwanaume!" Akanijibu, "Na weye unamutakia nini, bwana ya watu?" Nyuma yake wanawake wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Mwambie leo umevaa suruali!" na simu ikakatika.

Mara ya tatu nikamtegea. Nikatunga jina ambalo halimo kabisa, nikauliza, "Mukankusi iko hapo?" Unajua alijibu nini? "Njo mimi, dada. Sema."

Basi shefu aliposema vile nikaamini kwamba ana haki, hakuna familia pale, kuna mama mmoja na simu yake na uongo wa Faustin. Faustin mwenyewe simu yake haiingii, amekwenda kwao Ntoto, upande wa Walikale, eti kumsaidia mama yake kuvuna muhogo, na shefu anasema mwizi anakimbiliaga kwao. Tena Ijumaa hiyohiyo atakuja mgeni wa shirika fulani kuchukua nakala ya orodha ikiwa imesafishwa, anataka jina, namba, kilima ambako kila mtu ametoka na mahali analala sasa, anasema wanataka kusaidia waliokimbia, amekuja mara mbili na hajaacha hata namba yake, lakini hilo si shida yangu, shida yangu ni kwamba Faustin ni mume wa dada yangu mkubwa, Joséphine-Marie, na nikifuta nimemwita shemeji yangu mwizi mbele ya watu, na nisipofuta watasema tunakula naye sahani moja, na dada yangu ameanza kuniuliza mbona siji tena nyumbani kwake. Nifute? Nimshitaki? Niambie, kwa sababu kila mtu ninayemtazama biro sasa namwona kama anaficha kitu.

Wako, mwenye mashaka wa Masisi

*

Dada mwenye mashaka,

Faustin amepatikana. Jumapili alipanda kilima kilicho juu ya Ntoto, pale rezo ya simu inakamata, akanipigia baada ya kusikia salamu tulizomtumia redioni. Anasema familia zipo na atarudi wiki ijayo. Kuhusu muhogo, hilo nalo ni kweli: nilimsikia mama yake akimgombeza, "Wewe unapiga simu, sisi tunabeba!"

Neno lake peke yake sikulichukua. Shemeji anaweza kudanganya kama mtu mwingine yeyote. Nilimwomba Élisabeth, anayetuletea habari kutoka Kashuga, aende kambini kwa miguu. Familia alizikuta. Sebarenzi ana mguu mbovu na maneno mengi. Brigitte yupo, na ndiye aliyepaza sauti ile ya suruali. Familia mbili Élisabeth hakuziona. Aliambiwa zimekwenda kutazama mashamba yao ya zamani, na mimi siwezi kukuthibitishia kama zitarudi. Hakuandika jina la mtu, kwa sababu nilimkataza.

Sasa nikugombeze. Ulitunga jina ili umnase mama wa watu, naye alipoliitikia ukafurahi kwamba umepata ushahidi. Hukufikiri. Mtu aliyebuni orodha ya uongo anaikariri. Angekwambia mara moja kwamba Mukankusi hayumo. Anayeitikia hata jina ulilolitunga hajali orodha yako hata kidogo. Anachotaka kujua ni nani anapiga, na anatafuta nini.

Élisabeth alimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Muhawenimana akamjibu, "Tulishatafutwaga kwa majina, mama. Sasa mwenye kututafuta akutane na mimi kwanza."

Walipatana hivyo siku ile waliyofika. Sauti ngeni ikiita mtu kwa jina lake kamili, mwenye simu hasemi kwamba hayupo, hasemi ameenda shambani wala ameenda kisimani, kwa sababu kila jibu la namna hiyo ni kumwonyesha mtu njia. Anaitikia yeye, anasikiliza kinachotakiwa, kikiwa chema anakipeleka nyumba kwa nyumba. Ujumbe wa mbegu wa msimu uliopita uliwafikia wote, na wote walikuja. Hilo wewe ungeweza kulijua bila kumtegea mtu: ungeuliza tu walioshusha magunia. Wa Lushebere unaowasifu wana njia yao. Usipime kambi moja kwa nyingine.

Na wewe ulipiga mara tatu. Kila mara jina kamili, kila mara unauliza mtu analala wapi. Kule Kashuga, dada yangu, anayeshukiwa ni wewe.

Mashaka yako si mabaya. Mtunza majina asiye na mashaka ni mlango usio na kufuli. Ila uliyaelekeza kwa aliye karibu, na yule mgeni ukampa nusu sentensi. Mimi nilipofika kwake niliacha kusoma, nikarudia. Nimeuliza ofisi mbili zinazoandikisha mashirika, na watu watatu wanaosaidia waliokimbia huko kwenu. Hakuna anayejua shirika linalokusanya orodha ya namna hiyo. Hilo halithibitishi kwamba ni mtu mubaya. Linathibitisha kwamba hakuna anayeweza kukwambia ni mwema, na hiyo inatosha asipewe kitu. Anayetaka kugawa blanketi anahitaji kujua familia ni ngapi na zikutane wapi siku ya kugawa. Kilima walikotoka anakitakia nini? Mahali wanapolala usiku anapatakia nini? Uliza maswali hayo mawili kwa sauti ndani ya biro yenu, uone nani ataangalia chini.

Kuhusu Papa Jean de Dieu sijui, na sitajifanya najua. Huenda ana haraka tu, na haraka haijawa hatia. Lakini angalia anachokuomba: familia ambazo hukuweza kujua zinalala wapi, zifutwe, na zile unazojua zikabidhiwe. Ukifanya hivyo, hizi za kwanza zinakosa mbegu, na zile nyingine zinaweza kukosa zaidi ya mbegu.

Kwa hiyo usifute. Andika kwenye kompyuta kwamba ile ni namba ya pamoja, weka jina la Muhawenimana kama mpokea ujumbe, na uandike tarehe. Swali la mahali mtu analala liondoke kwenye karatasi yenu ya kazi. Na kama mashine ina nafasi ya kilima cha asili, iache tupu, kwa sababu kisichoandikwa hakiwezi kuchukuliwa. Nakala usimpe mtu yeyote. Anayeitaka aandike anaitakia nini, aweke sahihi, na wenye majina waulizwe kwanza. Usiibe orodha, usiifiche, usiiharibu halafu useme umeme ulikatika. Ukifanya hivyo utakuwa umempa shefu sababu ya kukufukuza, na atakayekaa kwenye kiti chako huenda asiwe na mashaka hata kidogo. Mwambie shefu usoni: hapana, na sababu ni hii. Maneno hayohayo mwandikie mkurugenzi wenu leo, yamfikie kabla ya mgeni.

Shemeji yako si mwizi, lakini hana haki ya kujisifu. Alijua mpango wa ile simu, akakuacha ukapige bila kukwambia. Akirudi mgombeze mbele ya mke wake, atakusaidia. Na nenda kwa dada yako. Hajakukosea neno.

Jibu hili unalipata kwa mkono leo Jumanne. Wasikilizaji watalisikia Jumamosi, mambo yakiwa yamekwisha, na majina yote nimeyabadilisha, lako nimeliondoa kabisa.

Limebaki jambo moja. Muhawenimana amekubali akuone keshokutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya kanisa la Kashuga, Élisabeth akiwepo. Barabara ilikuwa wazi hadi jana. Uliza tena kabla ya kupanda pikipiki. Usiende na karatasi yoyote. Ametuma swali moja, na anataka ajibiwe kabla hajakusikiliza: "Ule mudada anatuitaga majina yetu yote, yeye iko mutoto ya nani, na wa kilima gani?"