Lusani Yenye Ng'ombe Ilishindwa Kuua

Kegonga,
19 Januari 2025

Mpendwa ndugu yangu Maranga,

Huyu kijana yangu Wangwe amekataa kunisikia kabisa, anataka kuingiza ng'ombe kwa lusani yangu, yale majani nilipandia ng'ombe, na sasa ndio inaweka mbegu! Ngoja, hata sijakusalimu. Umeamkaje huko Laikipia? Mgongo imepoa? Mimi ni magoti tu, na hii jua. Kalamu anashika Dorah, bibi ya Wangwe.

Si wewe uliniambia lusani ya duka imezoea kukatwa, haijui mdomo ya ng'ombe? Ukasema niache madume wakule mpaka chini, wakanyage, na yenye haitakufa ndio nichukue mbegu yake. Nikafanya. Watu wakipita kwa ua wanacheka, "Bhoke anaua majani yake!" Hata pasta alisimama kushangaa. Mtu mzuri huyo, lakini kwa ugali, wacha tu. Karibu yote ilikufa. Imebaki mashina kidogo, imelala chini kama mtu anajificha, maganda ya mbegu imejikunja kama mkia ya kinyonga. Ingine hakuna.

Sasa ng'ombe ya mahari ya Dolphine, msichana ya Wangwe, inatoka Ntimaru. Nyasi hakuna, na ni aibu wakwe waone ng'ombe yao inalala njaa kwetu. Wangwe ananiambia, "Mama, si ulisema hii ni ya kuliwa? Wacha iliwe!" Nikamwambia, "Mama mwenye mimba pia ana nguvu, kwani utampanda mgongoni?" Akacheka, akaenda zake. Dorah, usicheke, andika, hata kama ni bwana yako.

Na ng'ombe ya njaa ikijaza lusani mbichi, si tumbo inafura? Ianguke hapo wakwe wakiangalia!

Wewe ni mjomba yake. Mimi amenizoea, lakini mjomba hawezi kubishia, hasa siku ya mahari. Mpigie simu. Mwambie angoje ganda ikauke, nivune, halafu wakule.

Simeon anakusalimia sana. Bonareri wa Magunga pia, amepata mtoto mwingine, ana masikio yako. Halafu ile nyumba ya

Ngoja. Wangwe anaita. Ati wamefika, na ng'ombe iko kwa barabara. Dorah, malizia. Simu yako itachelewa. Naenda kukaa chini kwa mlango ya shamba, nanyoosha miguu. Wakwe wanisalimie hapo hapo, tuone nani atavunja mwiko aruke miguu ya nyanya.

Mungu akufunike huko kwa baridi.

Ni mimi dada yako, mwenye kukuwaza kila siku,
Bhoke