Fundo Lako Bado Liko Kwenye Mzigo wa Odette

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Habari mpya ni hii, na aliyeitoa ni mume wetu: kesho Jumamosi tunaenda Masereka, sisi wanne, mimi na yeye na wanao Odette na Désiré, kulala siku mbili chini ya turubai katika shamba la mama. Aliitangaza juzi wakati wa kula, kwa sauti ile anayosomea matokeo ya mitihani. "Batoto, mutege masikio. Tunaenda campement."

Nimeandika "mume wetu" na sitafuta. Neno likiwa sahihi halifutwi kwa sababu linauma. Baada ya wewe kufariki wazee wetu walikaa, wakasema watoto wa Kahindo wasilelewe na mgeni. Ndugu za mume wetu, kule Kasai, hawakuweza kuvuka mstari wa vita. Walitoa neno lao kwa fonie, ile redio ya mawasiliano ya parokia, sauti ikikatika, tukasikia "ndiyo" na kelele tupu. Mimi niliulizwa mwisho. Nilikubali. Padri alitufungisha ndoa bila ngoma, siku ya kazi, na mchana nikarudi studio kusoma habari. Hivyo ndivyo mdogo wako wa redio, ambaye ulimcheka kwamba fufu yake ina mabonge, alivyogeuka mke wa mwalimu wako.

Yeye ananiita Journaliste. "Journaliste, chumvi iko wapi?" "Journaliste, leo barabara ya Beni inasema nini?" Mama Odette ni wewe tu. Sijamsikia akikosea hata mara moja, hata alipokuwa na homa kali na mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha maji.

Aliposema tunaenda, Désiré aliacha chakula, akaingia chumbani. Alirudi amevaa viatu, na kofia, na koti juu ya nguo ya shule.

"Tunakimbia saa hii?" aliuliza.

"Hapana kukimbia," baba yake alimjibu. "Ni campement. Kule Ulaya batu banafanyaka hivi. Banabeba nyungu, banabeba bâche, banaenda kulala mu pori na batoto yao."

"Nani anabafukuza?"

"Hakuna mutu."

Désiré alifikiri. "Kumbe bazungu banakimbiaka bure!"

Tulicheka, hata Odette. Lakini viatu hakuvivua mpaka aliposhiba na kuhakikisha kwamba na sisi hatuna viatu.

Mwalimu alikuwa skauti zamani, unajua. Huenda alikusimulia wewe zaidi kuliko mimi. Jana alisimamisha hiyo bâche, turubai lake, uani kwa miti ya mkalitusi na kamba ya mbuzi. Liliinama upande mmoja kama mtu aliyelewa. Mama wa jirani, yule muuza mafuta ya mawese, alisimama kwenye uzio na beseni lake kichwani.

"Mwalimu, nyumba inavuja?"

"Hapana, Mama. Tunajifunza kulala inje."

"Munajifunza? Mais sisi bote hapa tulishaka pata diplome ya kulala inje! Tena na distinction!"

Alicheka mpaka ikabidi atue beseni. Kisha akasaidia kukaza kamba, akasema kwamba upande wa juu ungejaa maji mvua ya kwanza tu, na alisema kweli. Mwalimu akamshukuru kwa Kifaransa.

Nilikuwa mlangoni nikiwatazama, yaya, na wazo langu lilikuwa moja: wewe ungeweza kulisimamisha lile turubai peke yako, na kila mtu pale uani alikuwa anajua hivyo.

Tuseme wazi ninachokuonea wivu, maana kwa kazi yangu sipendi habari isiyo na mada. Sikuonei wivu uzuri wako. Hata mume sikuonei sana. Ni mtu mwema, na anakohoa kabla ya kuingia jikoni, kama mgeni. Nakuonea wivu mikono. Kwetu Masereka hakuna mtu aliyejifungia mzigo wa shamba. Mama alisema anayejifungia anabeba anachokipenda na kusahau anachokihitaji. Kwa hiyo kila mtu alifungiwa na mwingine, na aliyefunga aliweka ndani kitu kimoja ambacho mbebaji hakuambiwa. Kitu cha kufika. Ulikifungua juu shambani, mzigo ukishatuliwa, kamwe si njiani. Yai la kuchemsha, kipande cha muwa, hindi la kuchoma bado na joto.

Mama alikufungia wewe. Wewe ulinifungia mimi. Na kila msimu wa maharage watoto wa mlima mzima walikuja uani kwetu na vitenge vyao: "Kahindo, nifungie, nifungie." Goti juu ya mzigo, ncha ya kushoto kwa meno, fundo mara mbili, mkia unaingia ndani usionekane. Mimi nilijaribu na mizigo yangu ikafunguka mtoni. Mama alisema, "Wewe una mdomo, mwenzako ana mikono."

Unakumbuka mwaka wa jiwe. Nilipanda mlima ule mzima, ukanda wa mzigo kwenye paji la uso, shingo inawaka, nikilalamika kwa kila aliyeshuka. Wewe nyuma yangu: "Kaza mwendo, mama wa malalamiko." Tulipofika nilifungua, nikatoa jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope. Nilikurushia majani ya maharage, nikalia. Kisha tukaenda kupika, na jikoni kwenye kibanda cha shamba palikuwa na mafiga mawili tu. La tatu lilikuwa limepasuka msimu uliopita, na wewe peke yako ulikumbuka. Tulipikia jiwe langu miaka yote iliyofuata. Kisa hicho nilikihesabu kuwa chetu wawili. Sikumsimulia mtu, hata siku nilizokuwa na dakika za kujaza redioni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mlipotoka Beni sikuwapo. Ninachojua nimekikusanya kwa wengine, kama habari yoyote. Mwalimu anasema milio ya risasi ilianzia upande wa uwanja wa ndege na mlikuwa na muda wa kufunga mizigo tu. Uliwafungia wote watatu, ukajifungia mwenyewe mwisho, na mlilala chini ya mibuni ya mtu msiyemjua. Watoto wakizungumza juu ya usiku ule wanazungumza wao wawili tu. "Unakumbuka Mama alisema chungu wanauma batu bakubwa tu?" "Akatupaka mafuta ya taa ku miguu." Nikiingia wananyamaza, si kwa ubaya, ni kama mtu anavyofunga mlango akibadili nguo. Nakuonea wivu hata usiku ule wa baridi na hofu. Hakuna mtu mwenye akili angeutaka. Mimi nautaka.

Mlifika kwangu Butembo, mkataka kuendelea hadi Masereka, kwa mama. Barabara ya kusini ikafungwa wiki ileile. Homa ikakukuta hapa. Mengine unayajua kuliko mimi.

Mzigo wa mwalimu ulifunguliwa, wa Désiré ukafunguliwa, wako niliufungua mimi nikitafuta kitenge cha kukuvika. Wa Odette haukufunguliwa. Umekaa chini ya kitanda chake tangu siku ile, kitenge cha manjano chenye majani, fundo lako juu. Nikifagia nauzunguka. Mwaka jana nilitaka kukifua kile kitenge. Aliukumbatia mzigo mpaka nikatoka. Nikadhani ni ukaidi wa huzuni, nikauacha. Mimi ambaye nawauliza makanali maswali mawili-mawili sikumuuliza msichana wa nyumbani kwangu hata moja.

Leo mchana nilitandika mkeka uani, nikaanza kufunga. Wa mwalimu: unga wa muhogo, samaki wa chumvi, sufuria, blanketi. Ndani nikaweka tumbaku yake ya kunusa aliyodhani imepotea. Wa Désiré: nguo za baridi, na karanga za sukari katika soksi. Mafundo yangu yalikaa. Si mazuri, yalikaa. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kutosha kunywa maji. Kisha Odette akatoka na mzigo wa manjano mgongoni.

"Wangu ulishafungwa," alisema.

"Ndani muko nini?"

"Sijue. Ni Mama alifunga."

"Masereka kuna baridi, Odette. Nguo za humo zilishakuwa ndogo, za Désiré. Ufungue, nikufungie upya."

"Hapana."

"Mama yako hakuwa peke yake wa kujua kufunga."

Ilitoka hivyo, yaya, kwa sauti ya taarifa, na mwalimu aliyekuwa anakunja turubai akaacha kukunja. Odette hakulia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea jina la mji.

"Najua," alisema. "Mais alisema tusifungue mbele ya kufika. Nilimuuliza hapa, siku ile alikuwa ku kitanda. Nikasema, Mama, tumefika? Akasema hapana, hapa ni njia. Tunafika kwa Koko."

Koko ni mama yetu, ambaye naye sasa hayupo. Nyumba yake haina paa, na ndiyo sababu tunabeba turubai. Mtoto amengoja barabara ya kusini ifunguke, na sasa imefunguliwa. Wakati sisi tunaita jambo hili campement, yeye anamaliza safari yenu. Mwalimu aligeuza uso ukutani. Hakuwa na habari, na mimi pia sikuwa nayo. Odette alikuwa ameitunza peke yake kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia.

Ningependa kuandika kwamba wivu ulikwisha hapo. Ulizidi. Kesho atafungua fundo lako mbele yangu, na chochote kitakachokuwamo, hata kama ni hindi lililoliwa na wadudu, kitashinda chochote nitakachomwekea mimi maisha yangu yote. Nilisimama na ukanda mkononi nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Odette aliingia ndani, akatoka na sweta, soksi na kitenge cha kijani. Akaviweka kwenye mkeka mbele yangu, havijakunjwa. Hakusema "nifungie". Alivisogeza kidogo kwa mguu, basi.

"Utabeba mizigo mbili?" nilimuuliza.

"Niko na nguvu."

Nikafunga. Goti juu ya mzigo, ncha ya kushoto kwa meno. Alipogeuka kumfukuza kuku niliingiza kitu. Sikitaji hata kwako. Aliporudi aliegemea nguzo, akasema, "Vuta tena upande ule." Nikavuta tena.

Kisha akauona wangu, kando ya mlango, tayari.

"Na wako, nani alikufungia?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe mwenyewe!" Alimgeukia baba yake kama shahidi. "Papa, unasikia haya? Donc yeye hatafika na kitu."

"Mimi ni mutu mukubwa, Odette."

"Mama alikuwa mukubwa. Alijifungia, na alifika na nini?" Alisema hivyo tu, bila uchungu, akaanza kufungua mzigo wangu. Ulifunguka kwa mvuto mmoja. Alitikisa kichwa. "Enda kwa jikoni. Usichungulie. Désiré, umuchunge."

Nilikaa jikoni, mkuu wa habari mzima, nikilindwa na mtoto mwenye kofia. Nilisikia vitu vikigongana. Nilisikia mwalimu akinong'ona, "Si itamuumiza?" na Odette akimnyamazisha. Niliporudi mzigo ulikuwa kwenye mkeka. Fundo mara mbili, mkia ndani. Ungedhani ulipita hapo.

Aliniwekea ukanda kwenye paji ili nijaribu. Nilisimama, na shingo yangu ikajua kabla yangu. Kulikuwa na kitu chini kabisa, kigumu, cha ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

"Ni zito," nilisema.

"Kaza mwendo," alisema Odette, "mama wa malalamiko." Na akacheka, mpaka akakaa chini.

Ulimsimulia. Kisa kimoja nilichokuwa nacho peke yangu na wewe, ukamgawia mtoto wako, labda chini ya mibuni ile, labda kitandani kwangu, na mimi sikuwa na habari. Nimekaa sasa mlangoni, nakuandikia, na nakuonea wivu kwa hilo pia. Lakini mzigo sikuufungua. Nimeupima mara mbili kwa shingo, nikaurudisha mahali pake.

Nitakuacha hapa; bado kuna taa ya kujaza mafuta na kuku wa kupeleka kwa jirani. Gari linaloleta viazi na mboga kutoka milimani linarudi tupu kesho, na dereva amekubali kutupakia. Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya soko. Tunapanda kwa miguu sehemu ya mwisho. Odette atafungua wako kwanza, kisha niliomfungia mimi, kisha nitafungua wangu.

Mdogo wako,
mbeba jiwe.