Hela Alizonishukuria Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipigia kampuni yetu ya mikopo simu mia moja na ishirini leo, na kati ya niliowapigia hakuna hata mmoja aliyeomba mkopo. Nawaambia tu, "Hongera, umekubaliwa!" Mzee mmoja kanijibu yeye hata baiskeli hajawahi kukopa, nisimzoee. Nikacheka. Kisha nikajiona mchafu. Msimamizi anasema kuanzia kesho wengine tutawatumia hela bila kuwapigia. Mtu akishazila, anahesabiwa kaomba mkopo! Lakini kodi ya chumba nalipa mimi, si msimamizi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kapiga, furaha tele. Kapata hela kwenye simu — anasema ni mimi tu, nani mwingine? Akaniombea dua ndefu. Miezi minne sijamtumia hata senti! Nikasema, ndiyo Mama, ni kidogo tu. Atakuwa Kaka kazituma. Shauri yake, ajitokeze. Mama kanunua nazo mota mpya ya cherehani.

Alhamisi, 27 Machi
Ni sisi, kampuni yetu, tuliomtumia Mama zile hela! Siku ya kuajiriwa tuliambiwa tuandike namba za ndugu kumi. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri, Mama wa kwanza. Wote wametumiwa hela. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni mimi.
Deni limeshazaa mara mbili. Mama alibonyeza kiungo kwenye ujumbe wa kampuni, namba zote za simuni mwake zikazolewa. Sasa wateja wake wanaandikiwa: fundi huyu mwizi, msimpe vitambaa. Watatu wameshachukua vyao. Mama, anayerudisha hata vifungo vilivyobaki! Namchukia msimamizi na shati lake la pasi. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili
Niko kwa Mama. Cherehani imefunikwa shuka mchana kweupe, sijawahi kuiona hivyo. Kaleta fomu ya malalamiko kutoka ofisi ya kulinda wateja. Macho yake hayasomi maandishi madogo, kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika.
Swali la nane: je, ulipokea fedha za kampuni hii?
"Andika hapana. Waongo wakubwa! Zile zilikuwa za binti yangu, kaniambia kwa kinywa chake. Halafu weka jina lako hapo chini, uwe shahidi. Mbona huandiki?"
Nimemwambia wino umekwisha. Kaenda kuazima kalamu kwa jirani. Naandika haya kwa kalamu ileile — mwongo hadi mwisho! Hapana pale swali la nane haijaandikwa. Wala ndiyo. Namsikia mlangoni, anamsimulia jirani jinsi nilivyo binti mwema, jinsi nilivyomtumia —